Kisu Kilivyolala

Haya nilihadithiwa na Kanyshai mwenyewe, mjukuu wa dada yangu, majira ya kunyoa kondoo mwaka jana, tulipokuwa tumeketi uani tunachambua sufu. Sikumwuliza kitu. Aliyaanza mwenyewe, macho yako kwenye sufu, nami nikaendelea kutoa miba na vijiti kana kwamba sisikii sana, maana mtoto ukimkazia macho hukatisha.

Wakati huo anaousema alikuwa darasa la sita, na mdogo wake Bayel alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Kwetu, mtoto akifika hapo hufungwa miguu kwa kamba ya sufu, uzi mweusi na uzi mweupe uliosokotwa pamoja, akasimamishwa juu ya zulia, na watoto wa kijiji wakaja mbio kutoka mbali kumwahi. Wa kwanza kufika huokota kisu kilicholazwa mbele ya mtoto, akaikata kamba, akapewa zawadi. Basi mtoto amefunguliwa, na atembee. Na mwendo wa aliyemfungua ndio atakaoushika maisha yake yote. Hilo hakuna asiyelijua.

Kamba ya Bayel aliisokota Bibi Salkyn, mama wa baba yao. Alikuwa anasokota huku ananung'unika, kama kawaida yake.

"Ikatwe na mtoto wa nyumba iliyotimia," alisema. "Sitaki miguu ya watu wa kuondokaondoka humu ndani."

Hakuambiwa Kanyshai. Yeye alikuwa pembeni anakanda unga wa vimandazi. Lakini aliyasikia, na yakamwingia, kwa sababu saa ileile baba yake alikuwa nje nyuma ya lundo la nyasi kavu, anazungumza na simu kwa sauti ya chini. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kulikuwa na mtu huko Urusi anatafuta wajenzi. Mama alikuwa anagongagonga vyombo tu.

Siku yenyewe watoto walipangwa darajani, na watu wakajaa pande zote mbili za njia. Zulia jeupe lilitandikwa mbele ya nyumba. Kanyshai alichutama nyuma ya Bayel amemshika kwapani, na kisu kililala mbele ya mtoto, kimekingama sawasawa, hakimwelekei mtu yeyote.

Ikapigwa kelele ya kuanza. Vumbi likatimka. Waliotoka mbele ya wenzao walikuwa wawili, na wote wawili shoga zake, waliokaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Mmoja Nurzat, binti wa mfuga farasi, mtoto wa nyumba iliyojaa babu, bibi, wajomba na kaka, mpaka viatu vinapandana mlangoni. Wa pili Sezim, mwembamba, miguu mirefu. Baba yake Sezim alikwenda Urusi zamani kwa msimu mmoja tu. Akafuata mjomba, kisha kaka yake mkubwa. Hakuna aliyerudi.

Walikuja sambamba. Bega kwa bega, nywele zimefumuka, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kidogo. Kisha Sezim akaanza kuchomoza.

Kanyshai alinyoosha vidole viwili, akakigeuza kisu. Mpini ukaelekea upande wa Nurzat, makali upande wa Sezim. Ilikuwa kama kufukuza nzi. Hakuna aliyeona, watu wote walikuwa wanawatazama wakimbiaji.

Sezim ndiye aliyefika kwanza. Alitupa mkono chini, ukatua juu ya makali. Akapiga yowe akauvuta, na papo hapo Nurzat akashika mpini, akakata kamba, akainua kisu juu.

"Amewahi! Nurzat amewahi!"

"Ameninyang'anya!" Sezim akalia. "Nilifika mimi! Amenikata huyu!"

"Nimekukata mimi? Sikukugusa hata ukucha!"

"Unanidanganya usoni!"

"Mwongo mwenyewe! Umeshindwa, basi shindwa kimya!"

Watu wazima wakacheka, wakawaambia waache hizo. Mkono wa Sezim ukafungwa kitambaa, Nurzat akavishwa zawadi, kizibao chekundu kilichotariziwa na mama yake Kanyshai kwa mkono. Bibi Salkyn akapiga magoti akasugua doa la damu kwenye zulia kwa chumvi. Doa halikutoka lote.

Na Bayel hakutembea.

Siku zikapita. Alisimama, akashika ukuta, akatambaa kwa kasi kama mjusi, lakini ukimwachia mikono, hukaa chini puu! Bibi Salkyn kila asubuhi alimsimamisha, na kila asubuhi alimwangalia anavyokaa.

"Kamba ilikatwa kwenye ugomvi," alisema. "Miguu bado imefungwa. Mpaka wale watoto wapatane, huyu hatanyanyua unyayo."

Kanyshai alikuwa anavaa viatu vya kwenda shule. Alifunga kamba za kiatu, akazifungua, akazifunga tena.

Sasa, shuleni kwao kulikuwa na wapatanishi. Mwalimu Batma, anayefundisha hesabu, alikuwa amepelekwa mjini kwenye mafunzo, akarudi na jambo hilo: watoto wakigombana, wasikimbizwe ofisini kuchapwa maneno, wakae kwanza na watoto wenzao wawili waliofundishwa kusikiliza. Wapatanishi walivaa utepe wa kijani mkononi na wakapewa chumba kidogo chini ya ngazi, kilichokuwa cha mafagio. Ukutani mwalimu alibandika karatasi yenye masharti kwa herufi kubwa. Mpatanishi hahukumu. Mpatanishi haharakishi. Mpatanishi hatoi nje ya chumba aliyoyasikia. Na la mwisho: mpatanishi mwenye mkono wake katika jambo huinuka, akampisha mwenzake.

Kanyshai alikuwa mpatanishi, na alikuwa hodari. Wale vijana waliopigana kwa sababu ya mpira aliwamaliza kabla kengele haijalia. Utepe wake aliufua mwenyewe na kuupiga pasi. Mwenzake alikuwa Kubat, mtoto wa mchungaji, ambaye ukimwuliza jina lake kwanza hutazama dari. Kanyshai alimwona mzigo.

Mwalimu Batma aliposema Nurzat na Sezim waitwe, Kanyshai angeweza kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hili linanihusu." Hakunyoosha. Alijiambia hakuna anayewajua wale wawili kama yeye, na mwenyewe ndiye atakayeyamaliza upesi, na yakiisha, mtoto atatembea, na kisu kitakuwa kimesahaulika. Alichagua kiti kinachoupa mgongo ule ukuta wenye karatasi.

"Haya," alisema, wenzake hata hawajakaa vizuri, "kila mtu aseme lake kwa kifupi, halafu mpeane mikono."

Kubat akamtazama.

"Mimi nilifika kwanza," alisema Sezim. Alikuwa ameuweka mkono wenye kitambaa mapajani. "Akanipokonya kisu, ndipo kikanikata."

"Nilikipokonya wapi? Nilikiokota! Kilikuwa chini!" alisema Nurzat. "Tangu siku ile wananiita mwizi wa kisu. Hata kaka yangu! Jana nimeomba nyama, ananiambia, 'Ficheni visu, Nurzat huyo.'"

"Na mimi wananiitaje? Mkimbiaji wa bandeji!"

"Basi, basi," alisema Kanyshai. "Mmesikilizana. Kila mtu ameumia. Sasa..."

"Ngoja," alisema Kubat. Akatazama dari. "Hicho kisu... kilikuwa kimelala vipi?"

Kanyshai alihisi masikio yanawaka.

"Kililala kama visu vinavyolala! Kubat, muda unakwisha bwana. Kengele hiyo. Sezim, mpe mkono. Nurzat, nawe."

Walipeana. Nurzat, kwa hasira au kwa kusahau, aliushika mkono uleule wenye kitambaa. Sezim akaguta.

"Ameniminya!"

"Sijakuminya! Wewe ndiye uliyenipa huo!"

Wakatoka wanasukumana, na nje penye bomba la maji wakashikana nywele mbele ya shule nzima. Mabegi yakaruka. Mpaka jioni darasa la sita lilikuwa limegawanyika, huku wa Nurzat, huku wa Sezim, na wa Sezim walikuwa wachache. Kesho yake walikuwa wamepungua. Siku ya tatu Sezim alikaa peke yake kwenye dawati la nyuma, lile lenye mguu mbovu. Msichana mmoja akamwimbia kwa nyuma, "Anayeshindwa mbio, hujikata kidole!" na darasa likaangua kicheko. Sezim hakugeuka. Alikuwa anaukandamiza ule mguu wa dawati kwa kiatu chake ili usicheze.

Kanyshai aliona. Alikuwa na daftari mkononi akalifungua, akalifunga.

Nyumbani hakutulia mahali pamoja. Alikwenda kuteka maji akarudi bila ndoo. Alimkamua ng'ombe akamwacha nusu, mama akamgombeza. Alimshika Bayel mikono miwili akamtembeza kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni, tena na tena, mpaka mtoto akalia kwa kuchoka.

"Unamvuta kama ndama wa mnada!" Bibi Salkyn akafoka. "Mwache!"

"Nataka atembee, bibi."

"Nani asiyetaka?"

Jioni hiyohiyo Nurzat alikuja. Hakuingia. Alisimama langoni amekikunja kile kizibao chekundu kwapani, akamtupia Kanyshai kifuani.

"Chukueni kizibao chenu."

"Nurzat, cha kwako hicho."

"Cha kwangu? Nikikivaa wanauliza nimekiiba kwa nani. Mimi nilikimbia tu, Kanyshai. Nilikimbia, nikaona mpini, nikashika. Ulikuwa pale! Ulikuwa umechutama palepale! Kwa nini husemi kwamba sikumnyang'anya?"

Kanyshai alikikunja kizibao upya.

"Na wewe unavaa utepe," alisema Nurzat, akaondoka.

Asubuhi yake Kubat alimngoja penye ngazi.

"Nataka kuwaita tena," alisema.

"Walishapatana."

"Hawakupatana. Walishikana mikono." Akatazama dari, ingawa pale hapakuwa na dari, palikuwa na mbingu. "Mimi kule malishoni, kondoo wawili wakipigana, baba haniambii niwasukume pamoja. Ananiambia nitafute walichokuwa wanagombania. Mara nyingi ni kitu kidogo. Jiwe la chumvi."

"Hawa si kondoo."

"Ndiyo. Kondoo ni rahisi."

Waliketi tena chini ya ngazi wote wanne, na safari hii Kanyshai alichelewa kuingia, akakuta kiti chake cha siku zote kimekaliwa na Sezim. Kilichobaki kilikuwa kinautazama ukuta. Karatasi ikawa mbele ya macho yake, herufi kubwakubwa.

Kubat aliwauliza taratibu. Mlitoka wapi. Nani alikuwa kulia. Mlipolikaribia zulia nani aliinama kwanza. Hakumkatiza mtu. Wakati mwingine alikaa kimya mpaka Nurzat akaanza kutikisa mguu, kisha mwenyewe akaongeza neno lingine ambalo hakukusudia kulisema. Walikubaliana mengi ya ajabu. Walikubaliana kwamba Sezim aliinama kwanza. Walikubaliana kwamba Nurzat alishika mpini tu.

"Basi sielewi," alisema Kubat. "Kama Sezim alifika kwanza, na Nurzat hakumnyang'anya... Kisu kilikuwa kimelala vipi?"

Wasichana wawili wakatazamana. Hakuna aliyejua. Halafu, kama waliopanga, wakamtazama Kanyshai, maana ndiye aliyekuwa karibu nacho kuliko wote.

Kanyshai alifungua utepe. Fundo lilimshinda, akalikata kwa meno. Akauweka mezani mbele ya Kubat, akainuka kwenye kiti cha mpatanishi, akaenda kukaa upande wa pili, baina ya Nurzat na Sezim, ambao walijisogeza bila kujua kwa nini wanajisogeza.

"Kililala mpini kwa Nurzat," alisema. "Makali kwa Sezim. Mimi ndiye niliyekigeuza."

Nurzat ndiye aliyelipuka kwanza.

"Yaani mimi naitwa mwizi wiki hizi zote, na wewe unajua? Umekaa hapo na utepe wako unatwambia tupeane mikono?"

"Ndiyo."

"Una wazimu wewe?"

"Nurzat, zamu yako itafika," alisema Kubat.

Sezim hakupaza sauti. "Kwa nini?" aliuliza.

Kanyshai alikuwa na la kumjibu lililo jepesi. Angesema alimpenda Nurzat zaidi. Angesema ulikuwa utoto. Alitazama mkono wa Sezim, pale kovu jipya lilipokata kiganja, na la jepesi likamkwama.

"Kwa sababu kwenu watu wanaondoka," alisema. "Niliogopa Bayel atachukua mwendo huo. Na baba yangu naye... baba anazungumza na simu nyuma ya nyasi. Nilitaka mmoja tu kwetu awe wa kubaki."

Hata Kubat mwenyewe akasahau kutazama dari. Juu ya ngazi watoto walipita wanakanyaga kwa kishindo.

"Afadhali ungesema hunipendi," alisema Sezim.

"Najua."

"Mama yangu hajaondoka. Bibi yangu hajaondoka. Na mimi niko hapa. Mimi kila siku niko hapa, Kanyshai! Nimekwenda wapi mimi?" Sasa sauti ilipanda. "Baba anapiga simu kila Jumapili. Ananiuliza habari za shule. Nimwambie nini? Kwamba watoto wa wenzake wanafichwa miguu yao nisiwaambukize?"

Kanyshai alilia. Nurzat, aliyekuwa amekunja uso kama ngumi, akaugeuzia ukutani na kuanza kujipangusa pua kwa mkono wa nguo.

Kubat aliwaacha walie. Kisha akauliza lile swali la mwisho walilofundishwa na mwalimu, ambalo Kanyshai siku zote hulirukia mbio: kila mmoja anahitaji nini ili ainuke hapo akiwa mzima.

"Aseme mbele ya darasa," alisema Nurzat. "Kwamba sikuiba. Na kizibao sikitaki." Akafikiri. "Nakitaka. Anirudishie. Kinanipendeza."

"Na wewe, Sezim?"

"Amlete Bayel kwetu."

"Kufanya nini?" aliuliza Kanyshai.

"Kunywa chai. Watu wanavyokwenda kwa watu. Tangu kaka yangu aondoke hakuna aliyetuletea mtoto. Bibi yangu anayaona hayo, anajifanya hayaoni."

Kanyshai alisema mbele ya darasa siku ileile, amesimama penye ubao. Darasa halikucheka. Hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Mwalimu Batma aliuchukua utepe akautia mfukoni, hakumkaripia, akamwambia tu, "Tutaona mwaka ujao."

Kazi ilikuwa nyumbani. Aliwaeleza mama na Bibi Salkyn wakati wa chai. Mama aliweka bakuli chini. Bibi Salkyn akaruka.

"Umekigeuza? Kisu chenye makali, mbele ya watoto wanaokimbia? Nani kakufundisha kwamba nyumba ya watu ina miguu mibaya?"

"Wewe, bibi."

"Mimi?"

"Ulipokuwa unasokota. Ulisema ikatwe na mtoto wa nyumba iliyotimia. Sitaki miguu ya watu wa kuondokaondoka, ulisema."

Bibi alitaka kukana. Mdomo ulijiandaa kukana kabisa. Kisha akamtazama mama yake Kanyshai, naye mama anatazama mlango, na nyuma ya mlango ilisikika sauti ya baba kwenye simu, ya chini, haikatiki.

Bibi Salkyn akainuka kwa kushika kiuno. Akajaza vimandazi kwenye kitambaa, akavifunga kwa fundo kubwa. Kutoka juu ya kabati akashusha kipande cha ile kamba nyeusi na nyeupe, kilichobaki kizima.

"Mpeleke Jumapili," alisema. "Na hii mpe huyo mtoto aikate. Mwambie bibi Salkyn anamwomba." Akasita. "Mwambie Kumush nitakuja mwenyewe miguu ikinipa nafasi. Mwambie nilisema upuuzi. La, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Kumush ndiye bibi yake Sezim.

Jumapili kulikuwa na mawingu mazito. Kanyshai alimfunga Bayel mgongoni, akapita kwa Nurzat, naye akatoka amevaa kizibao chekundu juu ya koti ili kionekane. Njia nzima Kanyshai alisimama kila mara kumfunika mtoto ambaye hakufunuka.

Bibi Kumush aliwaona wakiwa bado mbali. Alikuwa amesimama mlangoni na leso mpya kichwani.

"Mmemleta!" alisema. "Mmemleta kweli! Pita, mwanangu, pita ndani, usisimame kizingitini. Huyu ndiye mfalme mwenyewe? Mashavu haya! Sezim, ongeza mkate!"

Mama yake Sezim alikuwa zamu hospitali ya mjini. Chumba kilikuwa kimoja, jiko la makaa linanguruma, magodoro yamerundikwa ukutani mpaka juu. Dirishani, mahali pekee mtandao unapofika, ilisimamishwa simu ndogo, imeegemezwa kwenye chungu cha maua. Kanyshai aliiona. Aliona pia kwamba Sezim, kila akipita na birika, huitupia jicho.

Walikunywa chai ya maziwa, wakala mkate na siagi. Kanyshai alitoa kile kipande cha kamba, akakiweka katikati.

"Bibi anakuomba ukate," alisema.

Sezim alikishika, akakizungusha kidoleni. Akamtazama Nurzat, aliyeacha kutafuna.

"Hii ilishakatwa," alisema. "Nurzat aliikata. Hakuiba." Akakirudisha kwa Kanyshai. "Fungia soksi."

Nurzat akacheka mpaka chai ikamtoka puani, na Bibi Kumush akampiga mgongoni, na hapo ndipo walipocheka wote, hata Kanyshai, kwanza kidogo.

Nje theluji ilianza kuanguka, ya kwanza mwaka ule, nzito. Mchana ukawa jioni. Simu dirishani haikulia. Bayel alitambaa huku na huku, akapindua kikapu cha vitunguu, akamvuta Bibi Kumush leso. Kisha akasimama ameshika rundo la magodoro, akautazama mlango, ambao upepo ulikuwa unautikisa.

Akaachia.

Hatua moja. Mikono juu kama mtu anayevuka mto. Hatua nyingine.

"Anatembea!" Nurzat akanong'ona.

Anatembea, lakini anaelekea mlangoni. Kanyshai moyo ulimpasuka. Kumbe ndiyo haya. Kumbe mwendo ni huu, wa kwenda nje, hata kisu kigeuzwe vipi. Alitaka kuruka amnyakue, na miguu yake mwenyewe ndiyo iliyokataa kuinuka.

Sezim alikuwa amerudi na makaa, ameketi kizingitini anavua viatu. Hakumnyakua mtoto. Alimngoja afike, akamshika mabega mawili, akamgeuza polepole uso uelekee ndani, akamwachia.

"Haya, rudi," alimwambia. "Chai bado ipo."

Bayel alifikiri. Kisha akarudi, tepe, tepe, tepe, na katikati ya chumba akakaa chini puu! akajishangilia mwenyewe kwa makofi.

Mama yake Kanyshai alipiga simu. Ndiyo simu iliyolia dirishani, na Sezim aliifikia kabla ya mtu yeyote, akasikiliza, uso ukabadilika kidogo, akasema, "Ni mama yako. Njia imefungwa na theluji. Mlale hapa. Kwa Nurzat wameshaambiwa." Kanyshai alitaka kusema kitu kuhusu ile simu nyingine, ya baba wa Urusi, isiyokuja. Aliinuka. Akamsaidia kushusha magodoro.

Yalitandikwa kutoka penye jiko hadi mlangoni. Bibi Kumush alikuwa wa kwanza kukoroma, leso bado kichwani. Nurzat alilala na kizibao chake, akakataa kukivua. Bayel alihangaika, akageuka, akamkanyaga kila mtu tumboni, na mwisho akasinzia ameshika nywele za Sezim.

Kanyshai hakupata usingizi upesi. Kila upepo ulipotikisa mlango aliinua kichwa.

"Sezim," alinong'ona. "Umelala?"

"Bado. Nini tena?"

"Tubadilishane. Nilale mimi huko penye baridi."

"Siwezi. Amenishika nywele." Akapiga miayo. "Na hapa mlangoni nimelala mimi, Kanyshai. Atapitia wapi? Lala bwana."

Muda si muda pumzi yake ikawa nzito kama ya wengine. Kanyshai aliusikiliza mlango mara moja zaidi, kisha akazisikiliza zile pumzi zote, moja moja. Akanyoosha mkono gizani, akaugusa unyayo wa Bayel, ulikuwa na joto. Akiwa ameushika hivyo, naye akalala.